Kusomewa kwa Mheshimiwa Ndimbwelu

Ukitaka kufika Mbelekoni usiulize njia. Ukiuliza utaundiwa kamati, na kamati ikishaundwa hufiki tena. Utabaki mapokezi ukinywa chai ya serikali mpaka usahau ulikokuwa unakwenda. Nenda tu, macho mbele. Nchi yenyewe utaijua kwa sauti. Kabla hujaona nyumba wala mtu utasikia ko-ko-ko, ko-ko-ko, ukadhani watu wanatwanga. Hawatwangi. Ni Bunge Tukufu linapitisha sheria.

Wako wenye midomo wanaosema wabunge wa Mbelekoni hawana kazi ila kupiga meza. Mimi maneno ya namna hiyo siyapendi, ni uchochezi. Kweli, wakikubali jambo hupiga meza kwa viganja. Kweli pia, hakuna jambo walilowahi kulikataa. Lakini hayo ni mambo mawili mbalimbali, na mtu mwenye adabu zake hayaunganishi.

Katika bunge hilo alikuwamo Mheshimiwa Polikapi Ndimbwelu, mbunge wa Mtokambali, jimbo lililoko ng'ambo ya mto Lumbanga, mto mpana wenye maji ya haraka. Kabla ya ubunge alikuwa fundi seremala, tena fundi hasa, madawati yake ya shule mpaka leo hayajachezacheza. Ubunge aliupata kwa sababu mgombea wa kwanza aliugua na wa pili alichelewa. Na umaarufu aliupata kwa kosa ambalo lisingewezekana katika nchi nyingine yoyote.

Siku yake ya kwanza bungeni alikaa, akaiona meza iliyokuwa mbele yake, na seremala ni seremala. Akataka kujua kama ni mninga au mkangazi. Akainamisha sikio, akaigonga mara tatu. Wakati huohuo Waziri wa Mambo Mengineyo alikuwa anasoma mswada wa kurefusha jina la Baba Mlezi wa Taifa, na bunge zima lilikuwa limelala fofofo. Katika kimya kile zikasikika ko, ko, ko. Spika akashtuka, akavaa miwani yake.

"Naona Mheshimiwa mgeni ameunga mkono hoja," akasema. "Na kwa moyo wa namna gani, jamani. Ameinamisha hadi kichwa."

Wote wakaamka wakapiga meza, mswada ukapita, na jina la Baba Mlezi likawa refu kiasi kwamba hadi leo shuleni hulisoma kwa zamu. Wiki haikuisha, Polikapi alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Viganja. Kwa taarifa yenu, meza ilikuwa ya mninga.

*

Basi akapiga meza miaka ishirini. Kwa kuwa alizijua mbao, alijua pa kupiga ili sauti ifike mbali: si katikati, katikati hufifia, karibu na ukingo, kiganja kikiwa kimekunjwa kidogo. Wabunge vijana walikuwa wakimfuata kujifunza. Alitunukiwa Nishani ya Kiganja, Daraja la Pili. Daraja la Kwanza amewekewa Baba Mlezi, ambaye hapigi meza, hupigiwa. Kiganja chake cha kulia kikaota sugu ngumu kama soli ya kiatu, hata chai ya moto akawa anaishika bila kuhisi chochote.

Nyumbani Mtokambali watu wote walimwita Mheshimiwa, isipokuwa mtu mmoja. Huyo alikuwa dada yake, Skolastika. Mama yao alifariki Polikapi akiwa bado ananyonya, na Skolastika, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyemfunga mgongoni kwa mbeleko akaenda naye shambani, kisimani, kanisani na kila mahali. Alipopata ubunge, Polikapi alimvuta pembeni akamwambia, "Dada, mbele za watu uwe unaniita Mheshimiwa. Ni utaratibu tu."

"Poli," akajibu Skolastika, "nimekubeba mgongoni umenikojolea mpaka visigino. Sasa nikuite Mheshimiwa, halafu yule aliyenikojolea nimwite nani?"

Hakuligusa tena suala hilo. Na kusema kweli ya Mungu, alipokuwa akirudi kutoka makao makuu, amechoka na hotuba na karamu, neno lile "Poli" mlangoni ndilo lilikuwa linamwingia kifuani likakaa.

*

Sasa nifike pale ambapo yeye mwenyewe hapendi tufike.

Mtokambali walikuwa na kivuko kimoja, jina lake Tuvushane. Ndicho kilichowavusha kwenda hospitali, sokoni na kwenye shule ya sekondari, maana vyote hivyo viko upande wa pili. Mwaka wa tisa wa ubunge wake, mwezi wa Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, Waziri wa Sherehe alisimama bungeni. Akasema siku ya kuzaliwa kwa Baba Mlezi inakaribia. Limechimbwa Bwawa la Amani mbele ya Ikulu, lina maji, lina bata, ila halina chombo cha kukalia wageni. Akaomba kivuko kimoja kiazimwe kwa siku moja.

Kivuko kikaazimwa. Sherehe ikafana. Kesho yake likazuka swali la kisheria, siku moja inaisha saa ngapi? Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Mwisho wa Siku. Ni mwaka wa kumi na moja sasa, tume ingali inakaa, na inakaa ndani ya Tuvushane, ambako kuna upepo mzuri.

Na Polikapi? Polikapi alipiga meza. Alipiga pamoja na wengine, ndivyo anavyokumbuka yeye. Mkono ulitangulia, masikio yakafuata, na aliposikia jina la Mtokambali mkono ulikuwa tayari uko kazini, akaogopa kuukatisha. Hayo alijiambia mara nyingi, na kila alipojiambia aliyatazama mambo mengine upesi.

Alipofika nyumbani wiki ile alimkuta Skolastika ukingoni mwa mto, amesimama na watu wengi, wanatazama mahali pa kivuko palipo patupu. Wote wakamgeukia. Uongo aliousema hakuwa ameupanga, ulimtoka tu, tena ukatoka umekamilika.

"Nilipinga," alisema. "Nilipiga mlango wa Spika kutwa nzima mpaka askari wakanitoa nje. Tazameni."

Akawaonyesha kiganja.

Skolastika alikitazama kile kiganja chenye sugu, machozi yakamlengalenga. Jioni ile akachukua mafuta ya mbarika akamkanda mkono wa kulia, kidole kwa kidole. Na tangu hapo, kila alipokuja, lazima akandwe. Wakija watu na manung'uniko yao, Skolastika aliwajibu, "Ndugu yangu alipigania. Nimeuona mkono wake kwa macho yangu."

Miaka miwili baadaye Fausta, binti wa pekee wa Skolastika, alishikwa na uchungu wa kuzaa, mimba imekaa vibaya. Wakambeba mpaka mtoni. Mtumbwi uliokuwapo ulikuwa upande wa pili. Fausta akafia ukingoni pale, mahali pa kivuko, yeye na mtoto tumboni. Msibani Polikapi alipewa nafasi ya kusema neno. Akasema, "Laiti siku ile wangenisikiliza." Watu wakalia. Skolastika akamshika ule mkono mpaka mazishi yakaisha.

Mimi ni msimulizi tu, sihukumu mtu. Ila kuna maneno ambayo mtu akiyasema msibani, afadhali angekula udongo.

*

Mwaka wa ishirini alishindwa uchaguzi. Alishindwa na kijana aliyewaahidi wananchi kwamba yeye atapiga meza kwa mikono miwili.

Ubunge ukiondoka Mbelekoni unaondoka na kila kitu kwa siku moja. Asubuhi yake alikwenda buchani, muuza nyama akamwambia, "Mzee, foleni inaanzia kule." Kanisani alikuta kiti chake cha mbele kimekaliwa na mtu mwenye kikohozi. Barabarani watu walimwamkia "shikamoo" ya kawaida, ile ya kumwamkia yeyote mwenye mvi. Alijiona amevuliwa nguo sokoni.

Kulikuwa na dawa moja. Sheria ya Heshima za Kudumu inasema mbunge mstaafu anaweza kupewa cheo cha Mheshimiwa wa Maisha, pamoja na beji ya shaba, kiti cha mbele katika hadhara zote na haki ya kuitwa kwa cheo hata na muuza nyama. Sharti ni moja: asomewe. Karani Msomaji hutumwa jimboni na kitabu cha Kumbukumbu Rasmi, na kila alichokifanya mbunge huyo bungeni husomwa mbele ya watu wake, naye akiwa amekaa anatazamwa. Waliotunga sheria hiyo walijua hakuna mwananchi atakayehudhuria. Mbunge mmoja msemaji sana alisomewa wiki tisa. Wasikilizaji walikuwa wawili, na kufika wiki ya tano walikuwa wamechumbiana.

Polikapi alijaza fomu bila kufikiri. Alipofikiri ilikuwa imekwisha kupigwa mhuri, na katika nchi ile kitu kilichopigwa mhuri hakirudi hata kikirudishwa.

Karani Msomaji akawasili kwa mtumbwi. Alikuwa Bwana Chilumba, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuja na kitabu kimoja na meza moja. Meza ilikuwa mali ya serikali, imeandikwa namba miguuni.

"Ya nini meza?" Polikapi akauliza.

"Sheria inataka kumbukumbu isomwe kama ilivyotokea," Karani akajibu. "Palipokoholewa nikohoe. Palipopigwa meza nipige. Na wewe, Mheshimiwa mtarajiwa, nimekipitia kitabu chako. Nimekuja na bandeji."

Wakabaki wawili katika ukumbi wa shule, uliokuwa umejaa madawati aliyoyatengeneza Polikapi mwenyewe enzi za ufundi. Polikapi akaeleza shida yake kwa kuzungukazunguka. Kuna ukurasa mmoja, alisema. Si kwamba una ubaya, ila haueleweki vizuri bila muktadha.

"Kuruka ukurasa ni kifungo," Karani akasema. Kisha akavua miwani, akaifuta. "Lakini kurasa hushikana. Hasa huku kwenu, kuna unyevunyevu. Ukurasa ukishikana na mwenzake, mimi macho yangu haya yatajuaje?"

Polikapi akaenda kwake akarudi na kibuyu cha asali. Karani akapokea kwa mikono miwili, akaionja, akaisifu. Kidogo ikamdondokea kitabuni. Akasema, "Ala, mikono yangu hii," akafunga kitabu, akakikalia.

*

Siku ya kusomewa, kungali mapema, Polikapi alimkuta Skolastika uani anachambua mchele. Kulikuwa na masufuria matatu yamekwisha bandikwa na kuku wamechinjwa. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka.

"Dada, unapika kwa ajili ya nani, jeshi?"

"Kwa ajili yako. Watu watakuja wengi, nimewapitia nyumba kwa nyumba. Poli, mimi sijui kusoma. Miaka kumi na moja nawaambia watu ulitupigania, wengine wananicheka, wananiambia, Skola, yule ni ndugu yako, lazima utasema hivyo. Leo kitabu cha serikali kitasema chenyewe."

Polikapi akavuta kigoda, akakaa. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni. Dada, mimi sikupinga. Ni maneno matatu tu. Mtu aliyepitisha miswada mia sita asishindwe na maneno matatu.

"Dada," akaanza.

"Lete mkono," Skolastika akasema. "Leo utatazamwa, usiende nao umekauka." Akaweka ungo chini, akafungua kichupa cha mafuta ya mbarika, akamkanda kiganja polepole, akipita juu ya ile sugu kwa kidole gumba. "Fausta angekuwapo leo angefurahi. Ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa nasema mchele unanukia."

Akaondoka pale amejaa soni mpaka masikioni, mkono unang'aa.

*

Watu walijaa kuliko siku ya uchaguzi. Karani Chilumba akasimama mbele ya meza yake, akatoa hotuba fupi ya dakika hamsini kuhusu umuhimu wa kutopoteza muda, akafungua kitabu.

"Mwaka wa kwanza, kikao cha kwanza. Mheshimiwa Ndimbwelu." Akapiga meza, ko, ko, ko. "Kikao cha pili. Mheshimiwa Ndimbwelu." Ko-ko-ko-ko. "Kikao cha tatu, mswada wa kuwatoza kodi wanaotembea upande wa kivulini. Mheshimiwa Ndimbwelu." Ko-ko-ko-ko-ko.

Mwanzoni watu walidhani ni utangulizi. Ilipofika saa nne wakaanza kutazamana. Ilipofika saa tano wakaanza kucheka, kwanza kwa kuficha midomo, kisha wazi. Kila sheria iliyowahi kuwatesa ilipita mbele yao, na kila ilipopita ilisindikizwa na ngoma ileile. Ukurasa wa themanini na nane Karani alisimama, akajiandaa, akapiga chafya. "Mheshimiwa Ndimbwelu, chafya," akasoma. "Ilipelekwa Kamati ya Afya, ikapitishwa bila mabadiliko."

Polikapi alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya wote, anatazama magoti yake. Meza ile ilikuwa ya mbao laini, ya ovyo, na mguu mmoja ulikuwa umelegea. Kila ikipigwa alisikia kiungo kikilia. Kazi ya kabari moja tu. Alitamani mno kuinuka aikarabati, afanye kitu kimoja ambacho anakijua kwa haki.

Skolastika peke yake hakucheka. Aliketi mstari wa mbele, mikono mapajani, anangoja siku yake.

Karani alikwisha badilisha mikono mara mbili, bandeji imelowa jasho. "Mwaka wa tisa, Oktoba, mwishoni. Mheshimiwa Ndimbwelu." Ko-ko-ko. Akafunua. Kurasa zikafunuka mbili kwa pamoja, nzito. "Mwaka wa tisa, Desemba, salamu za Krismasi. Mheshimiwa..."

"Baba Karani," Skolastika akasema. "Novemba iko wapi?"

Karani akaangalia kitabu kana kwamba amekutana nacho siku ile. "Novemba, mama, inaonekana imeshikana. Unyevunyevu."

"Basi tuibandue."

"Mama, hizi ni nyaraka za serikali."

"Na mimi ni mwananchi. Siku ya marehemu wote ndugu yangu alitupigania, ndiyo siku niliyowaitia watu wote hawa. Sijachinja kuku sita kwa ajili ya salamu za Krismasi."

Watu wakaguna kukubali. Karani akamtazama Polikapi, Polikapi akatazama magoti. Skolastika akaagiza maji ya uvuguvugu na kitambaa safi. Akakaa mezani pa serikali, akaanza kubandua zile kurasa kwa utaratibu uleule anaotumia kufungua kidonda cha mtoto: analowesha, anangoja, anavuta kidogo. Alipofika katikati akasimama. Akanusa kidole, akakiweka ulimini.

"Asali," akasema.

Akaonja tena. "Asali ya miyombo. Hii ni asali yangu, nimeirina mwenyewe. Kibuyu nilikupa wewe, Poli, mwezi uliopita, ukaniambia una kifua."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza njia mahali ambapo amezaliwa.

Ndipo Polikapi akainuka. Kwa miaka ishirini bungeni hakuwahi kulitamka neno lile ambalo wabunge wa nchi nyingine hulitamka kila siku.

"Mwongozo," akasema. "Naomba mwongozo."

Karani akafungua kanuni. Akapitisha kidole, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Haki ya kuomba mwongozo huisha pamoja na ubunge. Ulikuwa nayo miaka ishirini, Mheshimiwa. Hapa imeandikwa haijatumika."

"Basi dada, niache nikuambie mwenyewe."

Skolastika alikuwa ameshamaliza kubandua. Akampa Karani kitabu, akarudi kwenye nafasi yake mstari wa mbele, akaketi.

"Asome," akasema.

Karani akasoma. "Novemba, tarehe mbili. Waziri wa Sherehe: Natoa hoja kivuko cha Tuvushane, kilichoko Mtokambali, kiazimwe. Spika: Waheshimiwa, desturi yetu mnaijua. Jambo la kumwondolea mtu kitu chake, mwenye jimbo hupishwa. Asipopiga yeye, hoja inaanguka. Waheshimiwa wote: wananyamaza, wanamtazama Mheshimiwa Ndimbwelu."

Hapo akatulia, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Akahesabu kimya chenyewe kwa saa yake ya mkononi. Kilikuwa kirefu. Mtu angeweza kuondoa mkono mezani, akauweka mfukoni, akapiga mwayo, na bado kimya kikabaki.

"Mheshimiwa Ndimbwelu," Karani akasoma. "Anapiga meza. Peke yake. Dakika nne."

Akaweka kitabu chini, akaanza kupiga. Sheria ni sheria. Dakika ya kwanza watu walikuwa wanatazama meza. Ya pili wakamtazama Polikapi. Ya tatu wakaacha kumtazama, wakawa wanamtazama Skolastika, na wengine wakashusha macho, maana kuna uso ambao si vizuri kuuona. Mwanzoni mwa dakika ya nne ule mguu wa meza ukatoka, meza ikainama upande. Karani akaiegemeza kwa goti akaendelea mpaka mwisho.

"Spika: Mkono huu ni mkono wa taifa. Hoja imepita." Akapangusa jasho. "Kisha ndiyo salamu za Krismasi."

Polikapi alikuwa bado amesimama. Aliomba ardhi ipasuke immeze, na ardhi ya Mbelekoni, ambayo hupasuka kila kiangazi bila kuombwa, siku ile ilikuwa imara. Skolastika akaja mpaka alipo. Akamshika mkono wa kulia, akaugeuza, akatazama kiganja. Kilikuwa bado kinang'aa mafuta ya asubuhi.

"Ndio huu?" akauliza.

"Ndio, dada."

Akauachia, taratibu, kama mtu anavyorudisha chombo cha watu. Akafuta vidole vyake kwenye kitenge cha Pasaka, kimoja kimoja, akatoka nje kwenda kuangalia masufuria.

*

Ilibaki taratibu moja. Mwisho wa kusomewa wananchi hutakiwa kuthibitisha cheo, na fomu ina visanduku viwili: Walipiga Makofi, na Walipiga Makofi Sana. Ukumbi haukupiga kofi hata moja. Karani akaigeuza fomu nyuma na mbele akitafuta sanduku la kimya, hakuliona, maana waliochapa hawakulitarajia. Kwa moyo wa kizalendo akaamua kuwapigia kwa niaba yao. Akapiga mara mbili kwenye ile meza iliyopinda, akaweka tiki kwenye kisanduku cha kwanza, akambandika Polikapi beji ya shaba kifuani.

"Hongera," akamwambia kwa sauti ndogo. "Sasa hata muuza nyama lazima akuite."

Na muuza nyama, aliyekuwa karibu na mlango, mtu anayeheshimu sheria, akasema, "Pole, Mheshimiwa."

Watu wakatoka uani, maana chakula kilikwisha iva, na huku kwetu hakuna aibu inayomwaga wali. Polikapi alibaki mlangoni, beji kifuani, hajui kama aingie au aondoke. Alikuwa anangoja jambo moja tu. Hata kama angetukanwa, hata kama angefukuzwa na mwiko mbele ya jimbo zima, alitaka matusi yenyewe yaanze na lile neno moja, alilolisikia mgongoni kwenye mbeleko kabla hajajua kusema.

Skolastika akaja na sahani. Alikuwa amempakulia vizuri, na firigisi ameiweka juu. Akainama kidogo, kwa adabu, jinsi wanavyopokelewa wageni wa serikali.

"Karibu chakula, Mheshimiwa," akasema.

Mpaka leo anamwita hivyo. Hajakosea hata siku moja, na yeye huitika.